Kabla Hujafika Kaunta: Namna ya Kusoma Bei ya Jumla Supamaketi

Nilikaa kaunta ya supamaketi kwa miaka minne hapa Dar es Salaam, na mteja ninayemkumbuka kuliko wote ni mama mmoja wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Alipanga mbele yangu sabuni za kuogea kumi na mbili: nne za limau, nne za mwarobaini, nne za maziwa. Kwenye rafu palikuwa na karatasi ya njano iliyoandikwa "Kuanzia pisi 6 bei ya jumla, 1,500." Yeye alikuwa nazo kumi na mbili. Nikazipitisha moja moja, na kila moja ikasoma bei ya rejareja, 1,800.

"Dada, mbona hazijashuka?"

"Mashine ndiyo imesoma hivyo, mama."

Hilo ndilo jibu tulilozoezwa kutoa. Foleni ilikuwa imefika kwenye rafu za unga, watu wakaanza kuguna. Mama akaangalia fedha zake, akarudisha sabuni nne, akalipa, akaondoka kimya. Tofauti ilikuwa shilingi 3,600, na kwa mtu anayehesabu siku za kufikia mshahara hiyo ni kilo nzima ya sukari na chenji inabaki. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Kilichomwangusha ni kwamba kwa mashine, limau, mwarobaini na maziwa ni bidhaa tatu, na hakuna hata moja iliyofika sita. Angechukua sita za limau na sita za mwarobaini, zote kumi na mbili zingeshuka. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Sikumwambia, kwa sababu ya foleni.

Niliacha kazi ile. Sasa hivi mimi ndiye ninayewanunulia wenzangu: tuko nyumba tano Kimara, tunachangishana kila mwisho wa mwezi na kununua pamoja. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningemwambia mama yule kama ningepata dakika tano naye kabla hajafika kwangu.

Mashine inasoma nini

Kila bidhaa ina msimbo pau, ile mistari myeusi yenye namba chini yake. Kompyuta ya kaunta haijui neno "sabuni". Inajua namba. Harufu nyingine ni namba nyingine, ladha nyingine ni namba nyingine, ukubwa mwingine vilevile. Hata kampuni ikibadilisha pakiti, pakiti mpya inaweza kuja na namba yake wakati ya zamani bado iko rafuni, na zote mbili zikapangwa mstari mmoja. Ofa yenyewe inaingizwa na mtu ofisini. Akiziunganisha zile namba tatu za sabuni kwenye ofa moja, utachanganya unavyotaka na punguzo litakuja. Asipoziunganisha, kila namba inahesabiwa peke yake, na karatasi ya rafuni itasema maneno yale yale kwa vyovyote.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kujaza kikapu ni hili: "Naruhusiwa kuchanganya aina?" Usimuulize kijana anayepanga bidhaa rafuni na kuridhika na jibu lake. Atakujibu kwa nia njema, lakini yeye haoni kilichoingizwa kwenye kompyuta. Chukua sita za aina tofauti, nenda kwenye kaunta isiyo na watu, mwombe keshia azipitishe kwenye mashine uone kama bei inashuka. Jumanne saa nne asubuhi atakufanyia bila shida. Jumamosi jioni hawezi, usimlaumu.

Jambo la pili ni katoni. Katoni ina msimbo wake, umechapwa kwenye boksi lenyewe, na bei yake imeingizwa tofauti na bei ya kimoja kimoja. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi bila kujua. Chukulia maziwa ya boksi ya lita moja. Moja ni 3,000. Kuanzia sita ni 2,700 kila moja. Katoni ya kumi na mbili ni 31,200, yaani 2,600 kila moja. Ukikuta katoni imeshafunguliwa rafuni, ukatoa kumi na mbili na kuziweka kwenye toroli, keshia atapitisha kumi na mbili za bei ya 2,700, jumla 32,400. Maziwa yale yale, idadi ile ile, na umelipa 1,200 zaidi kwa sababu boksi halikuwepo. Omba katoni iliyofungwa. Kama imebaki ile iliyofunguliwa tu na zimo zote kumi na mbili, ibebe na boksi lake, au mwambie keshia, "Hizi ni katoni kamili, naomba upitishe msimbo wa katoni."

Ukiwa na maziwa kumi na moja mkononi, simama kidogo upige hesabu. Kumi na moja kwa 2,700 ni 29,700. Katoni ni 31,200. Maana yake la kumi na mbili linakugharimu 1,500 tu, nusu ya bei yake. Kutoka matano kwenda sita ni vilevile: matano kwa 3,000 ni 15,000, sita kwa 2,700 ni 16,200. Nimeona watu wengi wakisimama kwenye tano, au kwenye kumi na moja, kwa kuogopa kuzidisha.

La tatu ni risiti. Punguzo linahesabiwa ndani ya malipo mamoja. Ukija na jirani yako, mkachukua sita na kugawana tatu tatu kila mtu alipe zake, hakuna aliyefika sita. Lipeni pamoja, mgawane nje.

La nne ni tarehe. Ofa kwenye kompyuta ina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na ikifika siku hiyo inakatika yenyewe usiku. Karatasi ya rafuni inaondolewa kwa mkono. Tulikuwa tunaanza saa moja asubuhi, njia moja hadi nyingine, tukiwa watu wawili kwa duka zima, na mpaka saa tano kuna karatasi za ofa ya jana bado zimening'inia. Siku ya hatari zaidi ya kuamini karatasi ni siku inayofuata baada ya ofa kwisha. Tarehe huwa imeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Inama uisome.

Maneno ya kwenye karatasi, moja moja

"Nunua 2 upate 1 bure." Unatakiwa ufike kaunta na vitatu. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakija na viwili na kusubiri nikawape cha tatu kutoka chini ya meza. Hakuna kitu chini ya meza. Kompyuta lazima iione ya tatu ndipo iifute bei. Ukija na vinne, cha nne unalipa kamili. Faida yake ni theluthi moja, na hiyo ni ofa nzuri kwa kitu unachokitumia kweli.

"Cha pili nusu bei." Inasikika kama punguzo la asilimia 50. Ni asilimia 25, kwa sababu umelipa kimoja na nusu ukapata viwili. Ni sawasawa kabisa na "Nunua 3 upate 1 bure", ila hii ya pili inakutaka ubebe vinne.

"Nyongeza 20% bure" na "Punguzo 20%" si ndugu, ingawa namba ni moja. Chukua pakiti ya gramu 500 inayouzwa 3,000. Wakikuongezea asilimia 20 unapata gramu 600 kwa 3,000, yaani gramu 100 kwa shilingi 500. Wakikupunguzia asilimia 20 unapata gramu 500 kwa 2,400, yaani gramu 100 kwa 480. Punguzo limeishinda nyongeza. Zikiwa zote mbili rafuni siku moja, chukua iliyopunguzwa bei.

"3 kwa 10,000." Kimoja ni 3,600. Ukichukua vitano utalipa 10,000 ya vitatu, halafu viwili kwa bei kamili, jumla 17,200. Vitu sita ni 20,000. Aina hii ya ofa inakwenda kwa mafungu ya vitatu vitatu, haishushi bei ya kila kimoja.

"Kuanzia pisi 6." Maduka mengi yanashusha zote sita. Lakini nimekutana na duka linaloshusha ya sita na kuendelea, zile tano za mwanzo zinabaki bei ya juu. Maneno rafuni yalikuwa yale yale. Uliza hivi: "Zote sita zinashuka, au ya sita tu?"

"Okoa hadi 30%." Neno la kuangalia ni "hadi". Kwenye rafu nzima huenda kuna bidhaa moja iliyofika hapo.

"Mteja mmoja pisi 3." Huo ni ukomo. Ya nne inasoma bei ya kawaida, na mashine haitakupigia kelele kukujulisha.

Kisha kuna "pakiti ya familia". Hayo si maneno ya bei hata kidogo. Yanasema pakiti ni kubwa, basi. Kama ni nafuu au la, utaligundua mwenyewe kwa kugawanya.

Kugawanya

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inafanyika kwa simu ya aina yoyote, hata ya tochi. Bei gawanya kwa gramu, zidisha kwa 1,000, umepata bei ya kilo. Kwa vimiminika ni mililita na lita.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya sabuni ya unga. Mfuko wa kilo moja 4,800. Mfuko wa gramu 500 wa kampuni ile ile 2,300. Miwili midogo ni 4,600, mmoja mkubwa ni 4,800, uzito mmoja. Nikachukua midogo. Dada aliyekuwa pembeni yangu alichukua mkubwa bila kutazama, kwa sababu sote tumelelewa na imani kwamba kikubwa ni nafuu. Nilimwonyesha. Aliganda sekunde kadhaa kisha akarudisha. Mara nyingi sababu ni rahisi tu: mfuko mdogo una ofa wiki hiyo, au bei ya mkubwa imepanda na mdogo bado haujapandishwa. Wiki ijayo inaweza kugeuka, kwa hiyo hesabu ya mwezi jana usiitumie leo.

Ukubwa wa pakiti unadanganya macho. Tambi zipo za gramu 400 na za gramu 500, na zikisimama pamoja huwezi kuzitofautisha. Ya gramu 400 kwa 1,400 ni 3,500 kwa kilo. Ya gramu 500 kwa 1,650 ni 3,300 kwa kilo. Ile inayoonekana ghali ndiyo ya bei nafuu. Majani ya chai ya vifuko 100, kwa kawaida kila kifuko ni gramu 2, kwa hiyo boksi lile kubwa lina gramu 200. Liweke kando ya pakiti ya majani ya kawaida ya gramu 250 uone ipi inakupa chai nyingi. Karatasi za chooni usihesabu roli. Pakiti yenyewe huandikwa idadi ya karatasi kwa kila roli, au mita, na roli kumi nyembamba zinaweza kuzidiwa na nane nene.

Mafuta ya kula yananipa taabu kuliko vyote. Madumu mengi yameandikwa lita, lakini unaweza kukuta limeandikwa kilo, na watu huona lita na kilo kuwa kitu kimoja. Si kimoja. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa kilo 0.92 hivi. Kwa hiyo dumu la lita 5 lina kilo 4.6 za mafuta. Sasa tazama: dumu la lita 5 kwa 29,000 ni 5,800 kwa lita. Kando yake dumu la kilo 4.5 kwa 27,500. Mtu anaona 4.5 anadhani limepungua nusu lita. Gawanya 4.5 kwa 0.92 unapata lita 4.89, na bei yake inakuja kama 5,620 kwa lita. Hilo la pili ndilo la kubeba. Namba hii 0.92 nimeiandika kwenye jalada la ndani la daftari langu.

Ukifika kaunta

Piga picha ya karatasi ya rafuni kabla ya kuondoka hapo, picha inayoonyesha jina la bidhaa, bei, na tarehe ya chini. Halafu panga vitu vyako kwa mafungu, vya aina moja pamoja, na mwambie keshia mwanzoni: "Dada, hizi ni sita, nazichukua kwa bei ya jumla." Ukimwambia mapema anakuwa makini. Ukimwambia mwisho anakuwa ameshachoka na wewe umeshakasirika.

Tazama skrini. Kwenye mashine nyingi punguzo linatokea mstari wa peke yake baada ya kile cha sita kupita, na nyingine zinalionyesha mwisho keshia anapobonyeza jumla. Kwa hiyo subiri jumla, lakini usitoe fedha. Kama halijatokea, sema hapo hapo: "Naomba uniitie msimamizi."

Naomba mnielewe kuhusu hili. Keshia hana ruhusa ya kubadilisha bei. Ufunguo au namba ya siri anayo msimamizi, na keshia akiongeza punguzo kwa kubahatisha anakatwa yeye mwisho wa zamu. Nilikatwa mara mbili. Kumfokea hakumpi ruhusa hiyo. Msimamizi anakuja, anaangalia picha yako, anapiga simu ofisini au anarekebisha mwenyewe. Kabla hujalipa ni jambo la dakika tatu. Baada ya kulipa ni fomu, ni kurudishiwa fedha, ni kusubiri mhasibu.

Kuna mzee mmoja alikuwa anakuja kila tarehe 2, ana kofia ya kufuma, ananunua kwa ajili ya wajukuu. Nilikuwa nasema "Shikamoo mzee", ananiitikia, halafu anatoa simu na picha ameshaziandaa. Siku moja mchele wa kilo 5 ulisoma 17,500 wakati rafuni ni 15,900. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, niitie mkubwa wako, mimi nitasubiri," akasogea pembeni watu wapite. Msimamizi akaja, akakuta karatasi ni halali na kompyuta ndiyo haikuingizwa. Bei ikarekebishwa kwa duka zima. Wote walionunua mchele ule baada yake wakalipa 15,900, na hawakujua ni kwa nini.

Dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kielektroniki ya kodi, ni haki yako na ni wajibu wako kwa sheria ya kodi. Isome kabla ya kutoka mlangoni, sio nyumbani. Angalia idadi kwanza, bei baadaye. Kitu kupita mara mbili kwa bahati mbaya hutokea sana kwenye manunuzi ya jumla, kwa sababu vitu vinafanana na keshia anapitisha kimoja mara nyingi au anaandika idadi kwa mkono: 12 inakuwa 21 kwa kidole kuteleza.

Duka likikataa kabisa bei waliyoitangaza wenyewe na ofa haijaisha, kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kama tatizo ni uzito, pakiti imeandikwa kilo moja na ndani haifiki, hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Weka risiti, picha na pakiti yenyewe.

Tunavyonunua nyumba tano

Nitaweka hesabu wazi kwa sababu watu hushawishika haraka na neno jumla. Mfuko wa sukari wa kilo 50 tuliununua 135,000, sawa na 2,700 kwa kilo. Dukani mtaani kwetu kilo ni 3,000. Tumeokoa 15,000. Bajaji ya kutoka dukani mpaka Kimara ilikuwa 8,000, maana mfuko wa kilo 50 huwezi kuingia nao kwenye basi la mwendokasi. Imebaki 7,000, gawanya nyumba tano, ni 1,400 kila nyumba. Kama kila mmoja amenitumia mchango kwa simu na makato ya kutuma na ya kutoa yakamla, hata hiyo 1,400 haipo.

Sukari peke yake isingefaa safari. Kinachotulipa ni kwamba bajaji ile ile ilibeba na mafuta, na sabuni, na unga wa ngano, na nauli ikagawanyika kwa vyote. Kwa hiyo tunakwenda mara moja kwa mwezi, na orodha inafungwa Alhamisi usiku. Mchango ni fedha mkononi, unakusanywa nyumbani kwangu. Anayechelewa anasubiri mwezi ujao, na tumekubaliana asichukiwe mtu kwa hilo. Risiti moja, napiga picha, natuma kwenye kundi kabla bajaji haijaondoka.

Kugawa tunagawa kwa mizani. Mwanzo tuligawa kwa kikombe, na nyumba ya mwisho ilikuwa inapata pungufu kila mwezi, mpaka dada mmoja akaacha kuja na hatukujua sababu kwa wiki tatu. Mizani ndogo ya jikoni tuliichangia, na tangu hapo hakuna neno. Kila mtu aje na ndoo au chombo chake chenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na hata hivyo sukari ikikaa kwenye kitu kisichofungwa kwenye unyevu wa Dar es Salaam inaganda.

Vya kuacha hata vikiwa na punguzo

Dona. Unga wa dona una kiini na pumba, na ndani ya kiini mna mafuta, kwa hiyo kwenye joto letu unaanza kuwa mchungu mapema. Sembe inavumilia zaidi. Kiroba cha dona cha kilo 25 kwa familia ya watu wanne ni hasara iliyofungwa kamba.

Maharage ya kukaa muda mrefu. Hayaozi, na ndiyo maana watu wanayajaza. Lakini yakikaa miezi kwenye joto yanakuwa magumu kuiva, na punguzo la dukani unalichoma jikoni kwa mkaa wa saa nne. Nunua ya mwezi mmoja, miwili.

Viungo vya kusaga vinapoteza harufu. Biskuti na juisi za watoto sizinunui kwa katoni tena: katoni ya mwezi iliisha siku tisa nyumbani kwangu, na sikumpiga mtu, kwa sababu niliiweka mahali wanapofika. Vyenye tarehe ya karibu kwisha huwa na ofa kubwa kuliko vyote, hivyo geuza pakiti usome tarehe kabla hujafurahia. Mtindi wa siku nne zilizobaki, pisi sita, kwa nyumba ya watu wawili, jibu unalo.

Soko ni habari nyingine. Tandale kwa mchele na maharage, Kariakoo kwa sabuni na vitu vya boksi, bei ni ya mdomo. Swali la pale ni "Jumla mnaanzia ngapi?" na ukishajibiwa ndipo unaanza kupatana. Hesabu mwenyewe kabla boksi halijafungwa kamba, na kwa nafaka nunua kwa kilo kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, usinunue kwa debe au kwa kisado. Huko mchanganyiko si tatizo: ukimwambia muuzaji unataka sita za hii na sita za ile kwa bei ya dazani, ni binadamu, atakuelewa.

Supamaketi, Jumamosi hii, orodha yetu ina sabuni za kuogea kumi na mbili. Sita za limau, sita za mwarobaini. Binti wa jirani yangu anapenda ile ya maziwa, tumemwandikia moja ya ziada, kwa 1,800.